Kanda ya Kaskazini kununua umeme wa Ethiopia wakati Rufiji kuna megawati 2,115: hesabu inakaaje?

Mchele wa Kahe aliuliza:

Wakuu, salamu. Naomba hili tulijadili kwa namba, siasa tuipumzishe.

Machi 2025 Rais Samia akiwa Kilimanjaro alieleza kwamba Kanda ya Kaskazini itapata umeme wa kununua Ethiopia kupitia Kenya. Sababu aliyoitaja ni upotevu wa umeme njiani, ambao unagharimu takriban shilingi bilioni 32 kwa mwaka. Upande wa pili, Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, na mahitaji ya juu kabisa ya nchi nzima mwanzoni mwa 2025 yalikuwa kama megawati 1,900. Mtu wa kawaida anauliza: umeme tunao, wa jirani wa nini? Tena jirani wa jirani.

Ninachotaka kuelewa ni hivi. Hiyo bilioni 32 inatoka wapi kitaalamu? Kutoka Wolayta Sodo, laini inakoanzia Ethiopia, hadi Arusha si mbali kuliko kutoka Rufiji? Je, tukiunganishwa na Kenya, wao wakizimika na sisi tunazimika? Na kwa upande wa mazingira, umeme wa maji wa Ethiopia ni msafi kuliko wa kwetu au ni hadithi ileile?

Wenye kiwanda, pampu za umwagiliaji au majokofu makubwa huku kaskazini, mnajikingaje na umeme mdogo wa jioni wakati haya yanajadiliwa?

---

Msongo 400 alijibu:

Mkuu, umeuliza maswali matano kwa mpigo. Mimi nachukua upotevu na bei, mengine nawaachia wenzangu.

Kwanza tuondoe dhana moja. Megawati 2,115 ni ukubwa wa bomba, si wingi wa maji. Bwawa lile lilisanifiwa kutoa takriban uniti bilioni 6 kwa mwaka. Gawanya kwa saa 8,760 unapata wastani wa megawati 685 hivi. Ukiendesha mitambo yote tisa mfululizo, unakula akiba ya bwawa. Kwa hiyo "tuna 2,115" ni kweli kwa saa chache za jioni, si kweli kwa mwaka mzima.

Sasa upotevu. Umeme haupotei kwa kilomita peke yake. Unapotea kwa mkondo ukijizidisha wenyewe, mara ukinzani wa waya. Laini ya zamani inayopanda kutoka Chalinze kupitia Hale, Same, Kiyungi hadi Njiro ni ya kilovoti 132. Chukua mfano wa waya wa aluminiamu wenye kiini cha chuma, milimita za mraba 150, ukinzani wa ohm 0.18 kwa kilomita. Safirisha megawati 30 kwa kilomita 350, pawa fekta (sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi kweli) ikiwa 0.95:

Mkondo: kama ampia 138 kwa kila waya.
Ukinzani: 0.18 × 350 = ohm 63.
Upotevu: 3 × 138 × 138 × 63 = megawati 3.6, yaani asilimia 12.

Pandisha mzigo hadi megawati 60 kwenye waya uleule. Mzigo umeongezeka mara 2, upotevu unaongezeka mara 4: megawati 14.4, asilimia 24. Hiyo ni kwenye karatasi tu, maana volteji ya upande wa pili ingekuwa imeanguka vibaya kabla hujafika huko.

Megawati 60 hizohizo ukizipitisha kwenye msongo wa kilovoti 400 wenye waya nne kwa kila fezi, ukinzani wa ohm 0.02 kwa kilomita, kilomita zilezile 350, mkondo ni ampia 91 na upotevu ni kilowati 174. Hiyo ni chini ya theluthi moja ya asilimia moja. Ndiyo maana swali la "Sodo ni mbali" halina nguvu sana. Kutoka Sodo hadi Suswa, Kenya, kuna kilomita 1,045 za laini ya mkondo mnyoofu (DC) ya kilovoti 500, kisha Suswa–Isinya, kisha Isinya–Namanga–Arusha, na zote ni laini nene. Na kwa hali halisi, chembe za umeme zinazoingia Arusha zitakuwa nyingi za mvuke wa Olkaria, Kenya. Ethiopia inamwaga Suswa, Kenya inatoa Isinya, mita inasoma mpakani. Muuzaji anabeba upotevu wa hadi kwenye mita, ila uwe na hakika ameuweka kwenye bei.

Tupime hiyo bilioni 32 kama ina mantiki. Ukithaminisha uniti moja kwa shilingi 150, bilioni 32 ni uniti milioni 213 kwa mwaka, yaani wastani wa megawati 24 zinazochemsha waya mchana na usiku. Karibu fungu letu lote la Rusumo, kule ambako megawati 80 zinagawanywa kati yetu, Rwanda na Burundi. Kwa kanda inayolishwa na laini ndefu nyembamba, namba hiyo inawezekana kabisa. Sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu ni matumizi yake kama hoja. Kipimo kilicho hadharani ni mkataba wa Kenya na Ethiopia: megawati 200 kwa senti 6.5 za dola kwa uniti. Dola ikiwa shilingi 2,600, hiyo ni shilingi 169, kabla ya ada ya kupitisha umeme kwenye nyaya za Kenya. Mteja wa T3 (kundi la bei la viwanda vikubwa) wa msongo wa kati, kwa bei za 2016 za EWURA, mdhibiti wa nishati, analipa shilingi 157 kwa uniti, mbali na ada ya mahitaji ya juu. Maana yake uniti ya mpakani inakuja ghali kuliko bei ya uniti yenyewe unayoiuza kiwandani.

Chukua megawati 100 kwa mkataba wa "lipa hata usipochukua": uniti milioni 876 kwa mwaka, dola milioni 57, takriban shilingi bilioni 148. Unalipa 148 kuokoa 32? Itakulipa tu kama hizo uniti zinakupunguzia gesi ya Kinyerezi au zinakuwekea maji bwawani kwa ajili ya kiangazi. Kama bwawa limejaa na maji yanamwagwa, uniti ya Rufiji inayopotea asilimia 20 njiani bado ni rahisi kuliko uniti ya shilingi 169, kwa sababu maji hayo yalikuwa yanakwenda baharini bure.

---

Mchele wa Kahe:

Msongo, kwa hiyo unasema tusinunue kabisa?

---

Msongo 400:

Hapana. Nasema tununue kidogo, na kwa saa.

Rudi kwenye laini yetu ya megawati 30. Ukiingiza megawati 10 kutoka Namanga, laini ya kusini inabaki na 20, na upotevu unashuka kutoka 3.6 hadi 1.6. Yaani megawati 10 za kwanza zinakuokolea nyingine 2 njiani. Ukiingiza 10 za pili, unaokoa 1.2. Za tatu, unaokoa 0.4. Faida iko kwenye megawati za mwanzo, zile za mwisho unanunua umeme mtupu kwa bei kamili.

Na saa nayo ina uzito. Usiku wa manane mzigo ukiwa nusu, upotevu ni robo, hivyo kununua hakuna maana. Unahitaji kuanzia saa 12 jioni hadi saa 4 usiku. Kinachokera ni kwamba Kenya nao kilele chao ni saa hizohizo. Mvuke wa ziada wa Olkaria unapatikana usiku wa manane, wakati sisi hatuuhitaji. Kwa hiyo mkataba mzuri ni wa kiasi cha chini kidogo sana kisicho na masharti ya malipo ya lazima, pamoja na nafasi ya kubadilishana: usiku wakikupa cha ziada, wewe unafunga mlango wa maji Rufiji, kesho jioni unawarudishia. Bwawa ndiyo betri. Hakuna betri ya kununua itakayofikia ile.

Kununua jirani si jambo geni, tusishtuke. Kagera imekula umeme wa Uganda miaka mingi, na Sumbawanga wa Zambia. Wakenya nao, Moyale yao imekuwa ikilishwa na Ethiopia. Mahali laini yako haifiki vizuri, unanunua kwa aliye karibu hadi laini ifike.

Na laini inakuja. Ile ya kilovoti 400 Chalinze–Dodoma, kama kilomita 345, ikikamilika, Rufiji itaunganika na Dodoma, Singida hadi Lemugur Arusha kwa msongo mkubwa mwanzo mwisho, karibu kilomita 1,000. Siku hiyo mshale unageuka, sisi ndio tunaouza kaskazini. Ukisaini miaka 20 ya kununua leo, utakuwa na laini mpya inayopeleka umeme Arusha na mkataba unaokulazimisha kuupokea mwingine palepale. Kwangu mimi miaka 3 ingetosha.

---

Hezi Hamsini alijibu:

Msongo kamaliza bei vizuri, ila kapita haraka kwenye uthabiti, na mimi naona hapo ndipo faida kubwa ilipo. Muungano wa Isinya–Singida, kilomita 510 hivi, una maana hata usiponunua uniti moja.

Tuanze na swali la "wakizimika tunazimika?". Tangu laini hiyo iwashwe Desemba 2024, mitambo ya Kenya na ya kwetu inazunguka kwa mwendo mmoja, hezi 50 zilezile, pamoja na Uganda. Ni kama watu waliofungwa kamba moja wakipanda mlima. Mmoja akiteleza, wengine wanamshikilia. Akiteleza vibaya, anawavuta wote.

Upande wa kushikiliwa kwanza. Mtambo mmoja wa Rufiji ni megawati 235. Kwenye gridi ya 1,900 hiyo ni asilimia 12 kwa kidude kimoja. Ukichomoka ghafla ukiwa kwenye mzigo wote, na gridi ina mitambo inayozunguka yenye jumla ya MVA 2,200 (MVA ni kipimo cha ukubwa wa mitambo) na inesha ya sekunde 4 (inesha ni ule uzito wa kuzunguka unaofanya mtambo usikubali kupungua mwendo haraka), masafa (zile hezi) yanaanguka kwa hezi 0.67 kila sekunde. Kutoka 50 hadi 49 ni sekunde moja na nusu. Gavana (kidhibiti mwendo) ya mtambo wa maji haiwezi kuitikia kwa muda huo, maji ni mazito, na mlango ukifunguliwa ghafla shinikizo kwenye bomba linashuka kwanza kabla ya kupanda. Kwa hiyo rilei (swichi zinazojikata zenyewe) za kupunguza mzigo ndizo zinazofanya kazi, na nyinyi mnaona mtaa umezima bila taarifa.

Unganisha na Kenya, jumla ya mitambo inayozunguka iwe MVA 4,800. Tukio lilelile sasa ni hezi 0.31 kwa sekunde. Umepata muda mara mbili, na akiba ya kuzunguka mnagawana. Bila muungano, kanuni ya kawaida inakutaka uwe na megawati 235 zimekaa tayari bila kuuzwa, muda wote mtambo mkubwa ukiwa kwenye mzigo kamili. Kukaa tayari kunagharimu: mtambo wa gesi ukiendeshwa nusu mzigo unakula gesi nyingi zaidi kwa kila uniti. Njia ya bei rahisi ambayo watu hawaisemi: usiuendeshe mtambo mmoja 235, endesha miwili kwa 120. Maji ni karibu yaleyale, pigo linakuwa nusu. Ila usiushushe chini sana, turbini za Francis zikienda mzigo mdogo zinatetemeka na kula pangaboi.

Upande wa kuvutwa. Septemba 2024 kule Kenya, laini ya kutoka mitambo ya upepo ya Turkana ilichomoka Suswa ikiwa imebeba megawati 288, na laini ya Ethiopia ikafuata. Jumla 488 zikapotea kwa pamoja, sehemu kubwa ya nchi gizani. Wakati ule hatujaunganishwa. Tatizo hapo ni kwamba vyanzo viwili vikubwa vinaingilia mlango mmoja, Suswa. Na laini ya mkondo mnyoofu haina inesha yoyote ya kuchangia, kibadilishi chake kinahitaji gridi iliyo imara ndipo kisimame. Gridi ikiyumba, na chenyewe kinajitoa.

Kwa hiyo ukinunua megawati 100 za Ethiopia, hesabu kwamba siku Suswa ikianguka, kwa wakati mmoja unapoteza zile 100 na Kenya inaanza kukuvuta. Namanga panahitaji mpango wa kujitenga: rilei inayopima masafa, kasi ya kushuka kwake na megawati zinazopita, halafu inafungua laini. Kuiweka ni kazi ya kichwa. Ikifungua mapema, unakosa msaada siku unayouhitaji. Ikichelewa, mnakwenda chini pamoja. Na baada ya kufungua, kaskazini inabaki na laini za kusini peke yake, kwa hiyo mzigo wa 100 ule lazima uwe umeshapangwa wa kukatwa palepale, ndani ya sehemu ya sekunde, siyo mtu wa zamu apige simu.

Jambo la usiku, ambalo halimo kwenye hotuba za mtu: laini ya kilovoti 400 ikiwa haina mzigo inajizalishia yenyewe umeme mfu (unaokwenda na kurudi kwenye waya bila kufanya kazi, unapimwa kwa MVAr). Weka MVAr 0.6 kwa kilomita mara 510, ni MVAr 306. Volteji inapanda badala ya kushuka, inavuka 420, na vifaa vinaumia. Ndiyo maana kuna riakta (koili zinazounyonya umeme mfu huo) kwenye vituo vya kupoza umeme. Riakta moja ikiwa kwenye matengenezo, mara nyingine inabidi laini izimwe usiku kwa sababu imekosa mzigo. Mtu atakwambia "laini ya matrilioni imezimwa!", na walioizima wako sahihi kabisa.

---

Chura wa Kihansi alijibu:

Nimekuja kwenye mazingira, na jina langu linatosha kuwa utambulisho. Kihansi inatoa megawati 180, na yule chura wa kwenye manyunyu ya maporomoko alitangazwa mwaka 2009 kuwa ametoweka porini. Umeme wa maji hauna moshi, lakini kuna pahali unalipwa.

Kununua Ethiopia hakukwepeshi gharama hiyo, kunaihamisha. Maji ya Mto Omo yanayopita Gibe III, megawati 1,870, ndiyo yanayolisha Ziwa Turkana. Hifadhi za Ziwa Turkana ziliingizwa mwaka 2018 kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Selous, ambako Bwawa la Nyerere limejengwa, nayo iko kwenye orodha hiyohiyo tangu 2014, mwanzoni kwa sababu ya ujangili. Kwa hiyo anayesema "wa Ethiopia ni msafi zaidi" aulize wavuvi wa Loiyangalani, na anayesema "wa Rufiji ni msafi zaidi" aulize wakulima wa mabondeni na mikoko ya delta, inayohitaji mafuriko ya wastani na tope la kila msimu.

Kwenye moshi, hesabu inategemea uniti iliyonunuliwa imezima nini. Mtambo wa gesi wa mzunguko wa kawaida unatoa karibu nusu kilo ya kaboni dioksidi kwa uniti, ule wa mzunguko pacha unashuka karibu na 0.4. Ukiingiza megawati 100 kwa asilimia 80 ya muda, ni uniti milioni 700 kwa mwaka. Zikizima gesi, umepunguza tani 350,000 hivi. Zikizima maji ya Rufiji yanayomwagwa, umepunguza sifuri. Sifuri kabisa, na umelipa dola.

Kuna jambo ambalo sijaona likisemwa na naona ndiyo hoja nzuri kuliko zote: misimu. Nyanda za juu za Ethiopia mvua zake kubwa ni Juni hadi Septemba. Bonde la Rufiji linapokea Novemba hadi Mei. Wao wanajaza wakati sisi tumekauka, sisi tunajaza wakati wao wanashusha. Tena mwaka wa El Niño, kwao mvua ya Juni hadi Septemba mara nyingi inapungua huku vuli ya Afrika Mashariki ikizidi. Mabwawa mawili yasiyoumwa ugonjwa mmoja siku moja ni bima. Kwa hiyo kama ni kununua, kanunue Agosti hadi Oktoba, uyaache maji Rufiji yasubiri. Na uwauzie Machi hadi Mei. Mkataba wa kiasi kilekile mwezi hadi mwezi unaitupa faida hii yote.

Jua nalo lisisahauliwe. Kishapu, Shinyanga, awamu ya kwanza ni megawati 50 kati ya 150. Jua halisaidii saa 2 usiku moja kwa moja, ila mchana linafunga milango ya maji. Kila mita ya ujazo ikishuka kama mita 100 inatoa karibu robo ya uniti. Uniti 4 za jua mchana zinaacha mapipa mengi ya maji bwawani kwa ajili ya jioni: mita za ujazo 16.

---

Msongo 400:

Chura, hoja ya misimu naikubali kuliko ya kwangu ya saa. Naongeza angalizo moja: ubadilishanaji wa misimu unahitaji mtu wa kutunza daftari. Uniti ya Agosti na uniti ya Aprili hazina thamani sawa, na ukizibadilisha moja kwa moja, mwenye kiangazi kikali ndiye anayelaliwa. Waandike uwiano kabla, si baada.

---

Fundi wa Kiyungi alijibu:

Mimi nijibu la mwisho, la wenye viwanda na pampu, maana hao laini ya Dodoma hawawezi kuisubiri wakiwa mikono mitupu.

Umeme mdogo wa jioni unaua mota taratibu. Volteji ikishuka asilimia 10, nguvu ya kuzungusha inabaki asilimia 81, lakini mzigo wa pampu haupungui, kwa hiyo mota inavuta ampia zaidi na kuchemka. Weka rilei ya volteji ndogo na ya fezi kukosekana, ichelewe sekunde 5 hadi 10 ili isikate kwa kila mtikisiko. Kwa majokofu, baada ya kukata, isiruhusu kompresa kurudi kabla ya dakika 3, shinikizo lisawazike kwanza. Na kama una mota nyingi, usiziache zote ziwake pamoja umeme unaporudi. Zipe nafasi ya sekunde 20 kati ya moja na nyingine. Umeme unaorudi na kukatika tena mara mbili tatu, mara nyingi wanaouangusha ni mota za mtaa mzima zikianza kwa pamoja.

Pili, pawa fekta. Hii inakusaidia wewe na inasaidia laini. Mfano: kiwanda cha kilowati 200 kwenye pawa fekta 0.75 kinaonekana kwenye mita kama kVA 267 (umeme wote unaovutwa, ukiwemo ule mfu). Ukipandisha hadi 0.95, ni kVA 211. Umeondoa 56. Kwa T2 (wateja wakubwa wa volteji ndogo), ada ya mahitaji ya juu ni shilingi 15,004 kwa kVA kwa bei za 2016, yaani takriban shilingi 840,000 kila mwezi kabla ya kodi. Kapasita unazohitaji kwa kazi hiyo ni kVAr 111.

Makosa ninayoyakuta mara nyingi kwenye kabati za kapasita ni haya. Mtu anazifunga moja kwa moja kwenye kiwanda chenye invata za mota. Mawimbi ya hezi 250 yanayotoka kwenye invata yanakutana na kapasita, yanavimba, kapasita zinapasuka ndani ya mwaka. Weka riakta ya asilimia 7 kwa kila hatua, inashusha mwangwi hadi hezi 189, chini ya wimbi la kwanza baya. Lakini riakta hiyo inapandisha volteji kwenye kapasita: 400 inakuwa 430. Kapasita ya 440 itaishi roho juu, nunua ya 480. Ukinunua ya 480 ukaitumia kwenye 400 yenye riakta, inatoa karibu asilimia 75 ya kilichoandikwa ubavuni. Kwa hiyo 111 unayohitaji ni kVAr 148 za dukani. Nunua 150, zigawe hatua za 10, 20, 20, 50 na 50, pamoja na kidhibiti kinachozitoa mzigo ukishuka.

Kosa la pili ni kuziacha zote ndani usiku. Kiwanda kimelala, kapasita zinasukuma volteji juu, taa za ulinzi zinaungua, na huko juu Hezi Hamsini anahangaika na riakta zake.

---

Mchele wa Kahe:

Fundi, asante sana. Swali dogo: jioni volteji ikianguka hadi 360, hizo kapasita bado zinatoa kilekile?

---

Fundi wa Kiyungi:

Hapana, mkuu. Zinatoa kwa volteji ikijizidisha yenyewe. 360 kwa 400 ni asilimia 90, hivyo unapata asilimia 81. Kati ya 111 unabaki na 90. Saa unayozihitaji zaidi ndiyo saa zinapotoa kidogo, na hilo linawakuta hata wa gridi kwenye vituo vyao vya kupoza umeme. Kama jioni unashuka hivyo mara kwa mara, ongeza hatua moja ya 20 au 30, lakini ifunge kwa masharti ya volteji: isiingie ikiwa iko juu ya 395. Kabla ya kununua chochote, omba transfoma yako ikaguliwe swichi ya tepu. Nyingi zimeachwa tepu ya katikati tangu zifungwe, na kupanda tepu moja kunakupa asilimia 2.5 bila kununua kifaa. Inabadilishwa transfoma ikiwa imezimwa, na siyo wewe wa kuigusa. Iangalie na volteji ya usiku wa manane pia, maana ukiipandisha kwa ajili ya jioni, saa 8 usiku unaweza kujikuta kwenye 430.

---

Hezi Hamsini:

Nakazia la Fundi kwa wenye sola kiwandani: invata ya kuungana na gridi itajizima gridi ikizima, kwa usalama wa mafundi wa laini. Ukitaka iendelee na jenereta, jenereta isishuke chini ya asilimia 30 ya uwezo wake, vinginevyo inajaa masizi, na sola ikizidi mzigo inasukuma umeme kurudi kwenye jenereta. Kidhibiti cha kuzuia kurudi nyuma kinunuliwe pamoja na invata, siku ileile.